Koili ya Pete Iliyovunjika

Mchungaji alisoma wasifu wa marehemu polepole, akilamba kidole kila alipofungua ukurasa, na alipofika ule wa tatu akasema kwamba Mutinda ndiye aliyeunda kwa mikono yake kisanduku cha taa cha zahanati ya Zombe, na kwamba koili iliyomo ndani, ule msokoto wa waya wa shaba uliokuwa umewashinda mafundi wengine, ilitoka kichwani mwake. Watu wakasema amina. Nilikuwa safu ya nne chini ya turubai, huko kwao Migwani, nimefunga leso kiunoni kama kila mwanamke aliyekuja kusaidia kupika, na mimi sikusema amina. Nilibana midomo nikatazama viatu vyangu, kwa sababu kwetu hubishani na jeneza, na mjane alikuwa mbele yangu akilia kilio cha haki yake. Lakini hapa niko na karatasi yangu, na nitasema mapema ili msomaji asijichoshe kukisia. Ile koili ni yangu. Niliizungusha mwenyewe Kathonzweni, mwaka wa mahindi ya njano ya msaada, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Mutinda nilimpenda kama ndugu, alinichosha kama ndugu, na nimemlilia. Hayo hayaondoi hili.

Kathonzweni ya wakati huo ilikuwa mistari miwili ya maduka na uwanja wa soko katikati, vumbi tupu mwaka ule, maana mvua ilikuwa imetunyima misimu miwili. Karakana ya Mzee Musyimi ilikuwa nyuma ya duka la mbegu ambalo halikuwa na wa kumuuzia mbegu. Ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na kaunta, na huko ndiko nilikowekwa: napokea redio, naandika jina la mwenyewe kwenye kipande cha karatasi, nakibandika mgongoni mwa redio, kisha saa tano naacha yote hayo naenda uani kuinjika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa. Muthokoi wa yale mahindi ya njano. Aliyekula anakumbuka harufu yake ya gunia, haikutoka hata ukoboe mara mbili. Chumba cha nyuma kilikuwa na meza ndefu iliyojaa alama za kuungua, na viti viwili. Kimoja cha Mutinda. Cha pili kilikuwa kitupu tangu fundi wake alipohamia Emali kufuata wateja wa barabara ya Mombasa, na Mzee alikuwa anakiwekea kofia yake. Mimi nilikitaka kile kiti. Kati ya vyumba hivyo hakukuwa na mlango, kulikuwa na pazia la maua, na kwa miezi minane nilisikia kila neno lililosemwa nyuma ya pazia lile. Wakienda kunawa mikono nilifungua redio zilizokufa nikatazama matumbo yake. Hakuna aliyenifundisha na hakuna aliyenikataza, labda kwa sababu hakuna aliyenifikiria.

Nesi Syombua alifika Jumatatu moja na gari la zahanati, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha hata akisalimia. Nilimpa stuli na chai ya rangi. Mzee alimwuliza habari ya Zombe.

"Habari ya Zombe ni giza, Mzee," alisema. "Wafadhili walituletea paneli za jua na betri mbili za lori, wakaziunganisha zikawa volti ishirini na nne. Taa zetu ni za kumi na mbili. Redio ya kuitia gari la wagonjwa ni ya kumi na mbili. Taa zilipasuka siku ile ile, na redio tumeogopa kuigusa. Sasa nazalisha na taa ya mafuta. Mwenzangu anaishika, mkono unachoka, anaiteremsha, na mimi bado niko katikati ya kazi."

"Tutakutengenezea kisanduku cha kushusha umeme," Mzee akasema.

"Nisikilize vizuri. Sitaki urembo. Nataka taa isizime mama akiwa katikati, na nataka nikiita gari nisikike na nisikie. Hayo mawili. Mkinipa moja bila lingine hamjanipa kitu."

Kisanduku chenyewe si muujiza. Ndani yake kuna transista inayofungua na kufunga umeme wa betri mbio mbio, maelfu ya mara kwa sekunde, na mbele yake kuna koili inayopokea mapigo hayo na kuyatoa yakiwa yametulia, kama mtungi unaojazwa kwa vikombe vya haraka na kutoa maji kwa bomba moja jembamba. Vitu vingine vyote tulikuwa navyo rafuni. Ugomvi ulikuwa koili. Waya ni ule ule wa shaba. Swali ni unauzungusha juu ya nini. Na ugomvi huo ulianza siku ile ile wakati wa chakula, mimi nikipakua.

Mzee alikuwa mtu wa chuma. Alitaka zile bati nyembamba za chuma zinazopangwa ndani ya transfoma za redio kubwa za zamani. Nzito, ngumu, zimejaa kila mahali. "Chuma hakikuaibishi," alisema. "Ukikipa umeme mwingi kinameza." Mutinda akatikisa kichwa, mdomo umejaa. Yeye alikuwa mtu wa kijiti, kile kijiti cheusi kinachokaa ndani ya redio ndogo kuvuta stesheni. Kila fundi alikuwa na mkebe wa vijiti. "Chuma kitachemka, Mzee. Hii transista ina mbio, chuma si cha mbio. Kijiti ni chepesi, hakipati joto, na hata ukikizidishia hakishtuki." Akakichora kwa kijiko juu ya meza. Wakaendelea hivyo, chuma na kijiti, kijiti na chuma, na mimi nimesimama na mwiko.

"Na pete?" nikauliza.

Walinitazama kana kwamba sufuria imesema. Ilikuwapo pete moja, nyeusi, nene, upana wake kama mdomo wa kikombe, iliyotoka kwenye mashine kuukuu iliyotupwa na watu waliokuwa wakijenga barabara. Ilikaa dirishani ikizuia karatasi zisipeperuke. Mimi nilikuwa nimeiangalia kwa miezi. Nikawaambia kijiti kina ncha mbili wazi, na kitu chenye ncha wazi humwaga. Nilikuwa nimeona redio zikipiga kelele kila kijiti chenye umeme kilipowekwa karibu nazo. Pete haina ncha. Kilichomo kinazunguka humo humo.

"Kalunde," Mutinda akasema, "pete ni ya kuvaliwa. Tafuta mwanamume akuvishe, kazi hii utuachie." Akacheka peke yake, maana Mzee hakucheka. Mzee alikuwa anachezea punje ya muthokoi kwenye ukingo wa sahani.

"Nesi anarudi Jumamosi ya wiki ya pili," akasema mwishowe. "Kila mtu alete koili yake. Kisanduku ni kimoja, mzigo ni mmoja. Ya Kalunde ikishinda, natoa kofia yangu kwenye kile kiti. Ikishindwa, mama, unarudi kaunta na sitaki tena kusikia sauti kutoka upande wa pazia. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mzee."

Watu wakisikia hadithi hii siku hizi huniuliza kama niliogopa. Niliogopa, ndiyo. Lakini nilikuwa na hasira zaidi kuliko hofu, na hasira ina faida zake, inakufanya ushinde umeketi kazini wakati wengine wamelala mchana. Kuzungusha waya kwenye pete ni kazi ya mateso, kwa sababu huwezi kuuzungusha kwenye kigingi kama wa kijiti. Lazima upitishe waya wote kwenye tundu la katikati, uvute, urudishe, upitishe tena. Mutinda alijaribu raundi kumi akasema hiyo ni adhabu. Mimi nilikuwa nimesuka viondo tangu vidole vyangu vijue kushika, na kwangu ilikuwa kusuka tu. Nilihesabu raundi kama ninavyohesabu kiondo, kimoyomoyo, na nikazivuta zote kuelekea kushoto, kwa sababu mimi ni wa mkono wa kushoto. Hata hilo alilipatia la kusema.

"Mzee, njoo uone. Huyu anazungusha kama mtu anayefungua badala ya kufunga."

"Umeme haujui mkono," Mzee akajibu bila kuinua macho.

Alhamisi tuliijaribu koili yangu kabla ya siku yenyewe. Mzee aliwasha kisanduku, tukaunganisha taa ya kwanza ya gari, ikawaka vizuri, kimya kabisa, na redio iliyokuwa pembeni haikukwaruza hata kidogo. Moyo wangu ukaanza kujisifu. Taa ya pili, ikawaka. Ya tatu ilipoguswa tu, transista ilitoa mlio mdogo, ta, na moshi mweupe ukapanda. Giza. Ndani ya kisanduku kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua. Mzee aliishika pete, ilikuwa baridi. Akashangaa. Akabadilisha transista, tukajaribu tena, na taa ya tatu ikaiua transista ya pili pia. Mutinda aliichukua ile koili akairusha hewani akiidaka, akisema nilimwambia, nilimwambia, na mara ya tatu hakuidaka. Iliangukia sakafu ya saruji. Pete ile ni ngumu lakini ni kama kauri, haijui kupindika. Ilivunjika vipande viwili, na waya wangu ukining'inia katikati.

Sitasema aliivunja makusudi. Nimefikiria jambo hilo miaka mingi na sidhani. Uso wake ulibadilika, akaokota vipande, akavishikilia mbele yangu kama mtu aliyekanyaga kifaranga. "Pole, Kalunde," akasema, na nadhani pole ile ilikuwa ya kweli. Mzee akasema basi, tumemaliza, vitupwe. Nikavichukua mikononi mwa Mutinda nikavitia ndani ya leso yangu, nikaenda uani, na huko nililia juu ya sufuria hadi ndengu zikaungua. Walikula ndengu zilizoungua na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana fundi wa shule asingefanya. Kwetu kibuyu kikipasuka hakitupwi. Unatoboa matundu kando ya ufa, unatia nyuzi laini katikati ili kingo zisisagane, unashona, unapaka nta ya nyuki, na kibuyu kinashika maziwa miaka mingine kumi. Nilikulia katika nyumba ambayo vibuyu vyake vilikuwa na mishono mingi kuliko nguo zetu. Kwa hiyo sikuwaza umeme hata kidogo. Niliwaza kibuyu. Niliondoa waya wote, nikakata vipande viwili vya karatasi ya kaki kutoka kwenye pakiti ya unga, nikaweka kimoja katika kila ufa ili kingo zisilike, nikaunganisha pete, nikaifunga nje kwa uzi wangu mwekundu wa kiondo, uliokazwa kuelekea kushoto, nikapaka nta ya nyuki juu yake. Kisha nikazungusha waya upya, Ijumaa yote, kaunta ikiwa na watu na mimi nikiwaambia wangoje. Nilijua ni upuuzi. Mzee mwenyewe alikuwa amesema mara nyingi kwamba sumaku ikipasuka nguvu zake zimekwisha. Lakini nilikuwa nimeahidiwa Jumamosi, na Jumamosi yangu nilikuwa naitaka, hata kama ni ya kuaibika.

Nesi Syombua aliketi kwenye stuli katikati ya chumba cha nyuma, mikono juu ya magoti. Ilikuwa asubuhi, kwaya ya kanisa la jirani ikifanya mazoezi, wimbo ule ule ukirudiwa kwa sababu ya sauti ya tatu. Mzee alipaka tone la nta juu ya kila koili, ukubwa wa punje ya ndengu. "Nta haina upendeleo," akasema. "Koili ikichemka, itatuambia." Akaweka redio karibu na kisanduku, kwenye stesheni hafifu ya mbali, na kila koili ikapewa saa nzima na taa nne.

Ya chuma ilianza. Taa zilisimama imara, na nilimwona Mzee akinyoosha mgongo. Lakini ilivuma kama nyuki ndani ya mzinga, na kabla nusu saa haijafika nta ililegea, ikang'aa, ikateremka ubavuni. Mzee aliigusa kwa kidole akakiondoa haraka. Akazima mwenyewe. Nilimheshimu sana kwa kuzima mwenyewe.

Ya Mutinda ikafuata. Kijiti kilikaa baridi saa nzima, nta haikutikisika, taa nne zikiwaka safi, na Mutinda ameegemea ukuta mikono kifuani. Ila ile redio. Tangu alipowasha, mtangazaji alitoweka, pakabaki mluzi mmoja mkali uliojaza chumba. Aligeuza kijiti huku na huku. Alikifunika kwa bati la mkebe wa kakao. Mluzi ulipungua, haukuondoka. Nesi alingoja hadi saa ikaisha, akauliza kwa upole mbaya, "Na hapo mimi nikiita gari, dereva atasikia nini?"

Kisha nikatoa leso. Mzee alipoona uzi mwekundu alinyoosha mkono kuizuia. "Kalunde, hiyo ni maiti. Utaniulia transista ya tatu."

"Uliniambia Jumamosi," nikamwambia. "Hukuniambia iwe nzima."

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kumjibu mzee vile mbele ya mgeni. Aliondoa mkono. Nikaunganisha mwenyewe. Taa ya kwanza, ya pili. Nilipoishika ya tatu vidole vyangu vilikuwa na jasho, nikavipangusa kwenye sketi. Ya tatu ikawaka. Ya nne ikawaka. Mtangazaji aliendelea kusoma bei za ng'ombe, na ukitega sikio ulisikia mkwaruzo mdogo sana, wa panya kwenye karatasi, basi. Tukakaa saa nzima. Kwaya iliipata ile sauti ya tatu, ikapumzika, ikaenda nyumbani. Nta ilikaa palepale, ngumu, na alama ya kidole cha Mzee bado iko juu yake.

Mzee alitoa kitabu chake cha zamani chini ya meza, akakipekua muda mrefu, akanionyesha mchoro wa pete yenye mwanya. Alikuwa ameupita mchoro ule miaka yote. "Pete nzima hushiba upesi," akasema, akijifunza huku akisema. "Ikishiba si koili tena, ni waya mtupu, umeme unapita wote kwa mkupuo, transista inakufa. Ule mwanya unaichelewesha kushiba. Karatasi yako ya unga, mama, ndiyo imefanya kazi." Kwa hiyo sikuwa wa kwanza duniani, na sijawahi kudai hivyo. Nilikuwa wa kwanza Kathonzweni, na bila kuambiwa na mtu. Mzee alikwenda akatoa kofia yake kwenye kiti, akakipangusa kwa mkono wa shati, na Mutinda, nimpe haki yake, ndiye aliyekivuta karibu na meza.

Lakini dunia haitoi kwa mikono miwili. Siku ya kufunga kisanduku Mzee alichukua brashi na rangi nyeupe, akasema tuandike fundi Mutinda kwenye mfuniko, kwa sababu kamati ya zahanati ni wazee, wakiona jina la msichana wataleta maswali. Nikamwambia maswali nitayajibu. Akasema si wakati wake. Nikamwambia basi jina la mtu yeyote lisiandikwe. Tulivutana hadi chai ikapoa, na mwishowe mfuniko uliondoka mweupe, bila jina. Mutinda ndiye aliyekipeleka Zombe. Yeye ndiye aliyepanda juu ya paa akivuta nyaya, yeye ndiye aliyewasha taa ya kwanza wamama wakipiga vigelegele. Mimi sikupanda paa, nilikuwa kwenye kiti changu nikizungusha koili ya kisanduku cha pili. Na pale ambapo hapakuandikwa jina, watu walisoma la yule waliyemwona. Yeye hakuwasahihisha. Miaka yote hiyo, hakuwasahihisha.

Baada ya kaburi kufunikwa pale Migwani, watu walipanga foleni ya chakula. Kando ya picha ya marehemu familia ilikuwa imeweka meza ya vitu vyake: koleo, miwani, Biblia, na kisanduku cha Zombe, ambacho zahanati ilikirudisha stima ilipofika kule. Binti yake, Mwikali, mwalimu wa fizikia, alikuwa anawaonyesha wageni. Nilipokaribia aliniambia, "Shikamoo aunti. Karibu uone kazi ya baba," akafungua mfuniko. Uzi wangu ulikuwa umefifia ukawa rangi ya tofali, lakini ulikuwepo, na nta yake juu yake.

"Babako alitumia mkono gani?" nikamwuliza.

"Wa kulia."

Nikavuta uzi mmoja kwenye ncha ya leso yangu nikampa, nikamwambia auzungushe kwenye kalamu yake. Akauzungusha kwenda kulia, kama nilivyotarajia. Nikauchukua, nikauzungusha mimi, kwenda kushoto. Aliutazama mkono wangu, akainama akaitazama pete, akarudi kwenye mkono. Ni mwalimu, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Mbona hukusema pale mbele, aunti?"

"Mama yako alikuwa analia," nikasema. "Lakini sasa nimesema."

Mkono wake ulikuwa kwenye ukingo wa kisanduku. Nilidhani atafunga kisanduku, na kama angekifunga ningekifungua tena, mazishi au si mazishi. Badala yake aliichomoa kalamu kwenye ule uzi akanipa. Nikageuza mfuniko, nikaandika upande wa ndani, kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa: KALUNDE, KATHONZWENI. Wino ulikataa mara ya kwanza juu ya bati, nikarudia kila herufi mara mbili, na Mwikali akaushika mfuniko usiteleze.